Aiptasia-X: dawa nzuri kwa anemoni unaowaona

Aiptasia-X ya kampuni ya Red Sea inamuua aiptasia, anemoni mdogo anayevamia matangi ya matumbawe ya nyumbani. Hilo halina mjadala. Anemoni akiimeza sawasawa hujikunja papo hapo, na kesho yake ukimulika tochi unakuta utando mweupe umelala juu ya jiwe. Malalamiko yanayosikika kila siku, ya mtu aliyepiga kumi akaja kuhesabu thelathini wiki ya tatu, hayatokani na dawa kushindwa kazi. Yanatokana na mkono uliosukuma sirinji, na anemoni ambao mkono huo haukuwahi kuwafikia. Wengi huinunua chupa hii wakidhani ndiyo mwisho wa tatizo. Kazi yake halisi ni kupunguza, na ukiinunua ukijua hivyo hutajutia hela yako.

Aiptasia anafanana na mnazi mdogo: shina jembamba la kahawia linalokaribia kupitisha mwanga, na juu yake minyiri mirefu iliyochanua kama makuti. Wakubwa hufika sentimita kadhaa, lakini wa kuogopwa ni yule wa milimita 3 aliyejibanza chini ya ukingo wa jiwe. Tangu 2014 wanasayansi wamemhamishia kwenye jenasi ya Exaiptasia. Madukani jina la zamani limebaki. Kinachomfanya asumbue ni unyayo wake. Akitambaa huacha nyuma vijipande vya unyayo, na kijipande kimoja kinatosha kuota kikawa anemoni kamili. Ndiyo maana kumkwangua kwa kisu au kumng'oa kwa koleo ni sawa na kumpandikiza: ulichokichana kinabebwa na pampu na kusambazwa tangi zima. Maabara zinazochunguza matumbawe humfuga kwa makusudi, kwa kuwa ana mwani wa jamii ileile inayoishi ndani ya matumbawe na anazaliana bila kubembelezwa. Mnyama anayesifiwa huko kwa kutokufa kirahisi ndiye huyohuyo aliyeingia tangini mwako akiwa amejishikiza kwenye kitako cha tumbawe la dukani.

Ndani ya boksi kuna chupa ya mililita 60, sirinji na ncha yake. Dawa yenyewe ni uji mweupe, mzito kuliko maziwa, mwepesi kidogo kuliko mtindi. Ikikaa rafuni inajitenga, maji juu na mashapo chini. Itikise dakika nzima, si mara mbili tatu kama dawa ya kikohozi. Ukivuta yale maji ya juu unampiga anemoni kwa kitu kisicho na nguvu, na chini ya chupa kinabaki kibonge kitakachokuzibia ncha siku nyingine.

Ncha ndiyo kitu ambacho wanunuzi wengi hawakipi heshima yake. Ni butu, wala haikusudiwi kumdunga anemoni. Dawa hii inalishwa. Maji ya ndimu, siki, hata maji ya moto, vyote hivyo vinataka sindano ipenye mwilini, na aiptasia akiguswa tu ameshazama tundu lake kabla hujasukuma. Aiptasia-X inatumia ulafi wake mwenyewe. Ukilielewa hilo, nusu ya maelekezo ya kwenye karatasi yanajieleza.

Zima pampu zote, za mkondo na ile ya kurudisha maji kutoka sampu (tangi la chini la vifaa), pamoja na skima, kile kifaa cha kutoa uchafu kwa povu. Subiri dakika tano maji yatulie kabisa. Aiptasia aliyejikunyata hutanuka maji yanapotulia; akikaidi, mdondoshee matone mawili ya maji ya uduvi waliotolewa kwenye barafu, na akionja chakula atafunguka. Vuta mililita moja ya dawa. Peleka sirinji kwa pembeni, polepole, upande ambao kivuli cha mkono wako hakimwangukii, mpaka ncha ikae sentimita moja au mbili juu ya kisahani cha mdomo. Toa kiasi cha punje ya mchele, kisha acha.

Hapo ndipo pa kutazama. Ule weupe unashuka, minyiri miwili mitatu inaunasa na kujipinda kuelekea katikati, kisahani kinabonyea kidogo na mdomo unafumbuka. Sasa ndipo unamwongezea dozi iliyobaki, taratibu, moja kwa moja mdomoni, mpaka kisahani chote kifunikwe. Kwa mwenye upana wa sentimita 2 hadi 3, nusu mililita inatosha. Atakunja minyiri yote ndani na kuwa kifundo cheupe. Mwache alivyo. Nenda kwa mwingine, na ukimaliza wa mwisho hesabu nusu saa kabla ya kuwasha pampu.

Wenye haraka huharibu hapo kwenye punje ya mchele. Wanasukuma dozi yote kwa kishindo, msukumo wa maji unamfikia anemoni kabla ya dawa, anazama, na uji unabaki umerundikana mlangoni mwa tundu tupu. Kwa macho inaonekana kama umemwua. Siku mbili baadaye anachungulia kwa tundu la pili, kwa kuwa jiwe hai, yaani jiwe la baharini lenye viumbe, limejaa vijia ndani kwa ndani. Akishazama, mwache mpaka kesho. Kumfuata kwa dawa zaidi ni kuimwaga bure.

Kosa la pili ni jiwe lililosimama wima. Dawa ni nzito kuliko maji, kwa hiyo inateleza na kuangukia kilicho chini, na kilicho chini mara nyingi ni zoanthidi (jamaa wadogo wa anemoni wanaoishi kwa makundi) au tumbawe la Euphyllia ulilolilipia ghali. Ikigusa nyama ya tumbawe huunguza. Ipulize mara moja kwa pipeti kubwa, usingoje pampu. Dawa ya kweli ya tatizo hili ni kulitoa jiwe kama linatoka. Liweke kwenye beseni lenye maji ya tangi, ligeuze anemoni atazame juu, mlishe, subiri dakika kumi na tano, lisuuze kwenye beseni la pili la maji ya tangi, lirudishe. Mabaki yote yanabaki nje. Anayeweza kufanya hivi kwa mawe yake yote anapata matokeo ambayo mwenye mawe yaliyogundishwa kwa saruji hatayapata hata kwa chupa tatu.

Wale wadogo wa milimita chache hawamezi kitu cha maana. Kwao dozi ni tone la kuwafunika wazima wazima, na ukubali kwamba baadhi watapona.

Kesho yake fyonza mabaki kwa mrija mwembamba wa pampu ya hewa, wa milimita 4 hadi 6, maji yapite kwenye sufi ya chujio kabla ya kurudi tangini. Hatua hii wengi wanairuka. Lakini anemoni waliokufa ni nyama inayooza, na nyama ya anemoni arobaini katika tangi la lita 200 inatosha kupandisha amonia na kuwapa mwani chakula cha wiki nzima. Pia, aliyekufa nusu akiachwa akichezewa na mkondo anaweza kuacha vijipande vilivyo hai. Kwa tangi la ukubwa huo, kumi hadi kumi na watano kwa kikao kimoja ni kiasi cha busara. Rudia siku ya nne, ya nane na ya kumi na tano, maana waliokuwa vijipande siku ya kwanza wanakuwa wameota minyiri ya kuonekana.

Kwa hesabu ya karatasini, mililita 60 kwa nusu mililita kila mmoja ni anemoni 120. Kwa mkono wa mtu, ukitoa kinachobaki kwenye ncha, kinachomwagika na dozi za kurudia, gawanya kwa mbili. Bado si haba. Udhaifu wa Aiptasia-X hauko kwenye kiasi cha dawa, uko kwenye mahali isipofika: kisanduku cha kumwagikia maji, ndani ya mabomba, nyuma ya jiwe lililoegemea kioo, sampu yenye giza ambako hakuna anayeangalia. Mulika tochi saa mbili baada ya taa kuzimwa na uhesabu. Kama walio mahali pasipofikika na sirinji ni wengi kuliko wanaofikika, dawa yoyote ya kulisha mmoja mmoja itakuwa kazi ya kuchota maji kwa pakacha.

Mshindani wa bei nafuu ni chokaa, yaani hidroksidi ya kalsiamu, ileile wanayotumia wafugaji kuongezea kalsiamu tangini. Changanya vijiko viwili vya unga na kimoja cha maji safi yaliyochujwa mpaka iwe lahamu, yaani uji mzito, inayopita kwenye sindano butu. Ikikataa kupita, ongeza maji tone kwa tone. Inaua kwa ukali wa alkali, kwa kuwa maji yaliyoshiba chokaa yana pH ya takribani 12.4, na lahamu nzito ina faida moja ambayo Aiptasia-X haina: inaziba tundu. Aliyezama unaweza kumzikia humohumo. Hasara yake ni kwamba kosa lako linaadhibiwa na tangi zima. Katika lita 100, gramu moja ya chokaa ikiyeyuka yote kwa mkupuo inaweza kupandisha pH kwa takribani 0.3, kutoka 8.2 hadi 8.5 kwa mfano. Mililita moja ya lahamu nzito ina karibu kiasi hicho cha unga. Basi mililita moja kwa kila lita 100 kwa siku ndiyo mpaka, na wanaojua wanakaa nusu yake, wakipima pH kabla na saa moja baadaye. Vaa glavu na miwani ya kazi. Chokaa machoni si jambo la mzaha.

Na isiwe chokaa yoyote. Ya ujenzi ina uchafu usiojulikana, na kikopo cha chokaa ya tambuu, ambacho kwa mtu wa pwani kiko karibu zaidi ya duka lolote la akwariamu, huweza kuwa na viungo vilivyotiwa kwa ajili ya mla tambuu, si kwa ajili ya matumbawe. Nunua iliyoandikwa daraja la chakula au la maabara.

Kati ya hivi viwili, kama wewe ni mgeni, anza na Aiptasia-X. Unalipia nafasi ya kukosea. Aliyezoea, mwenye kipimo cha pH na mkono usiotetemeka, hana sababu kubwa ya kuendelea kulipia boksi.

Gundi ya kubana tundu huwa haidumu. Anemoni hutokea ukingoni mwa gundi baada ya siku chache. Kuchemsha jiwe lote kusiwe hata wazo kama lina zoanthidi, wakiwemo Palythoa, juu yake. Baadhi yao wana palitoksini, sumu kali mno, na mvuke wa chungu hicho umeshawapeleka watu hospitali pamoja na familia zao.

Panapozidi sirinji, wanakuja walaji. Kamba wa mistari myekundu wa jenasi ya Lysmata, L. wurdemanni na L. boggessi, hula wadogo usiku na kuwaogopa wakubwa. Mmoja anaweza kufagia tangi, mwingine asiguse kitu maisha yake yote, hasa akishazoea chakula cha bure. Usimpe uduvi kila jioni halafu ukalalamika. Hawa ni wa Atlantiki ya magharibi, kwa hiyo hutamkuta kwenye ndoo ya mvuvi wa Shimoni wala Kunduchi. Mwangalie vizuri unayeuziwa. Rhynchocinetes durbanensis, mwenyeji wa Bahari ya Hindi na Pasifiki, ana nundu mgongoni, macho makubwa, na mistari myekundu inayopishana na mistari na madoa meupe. Huyo hula zoanthidi na matumbawe laini, na watu wamemnunua kwa jina la mwenzake wakashangaa tangi linapungua upande usiotarajiwa.

Kitatange mwenye pua ndefu, Chelmon rostratus, anawala kweli, ila wengi wa hao hufika wakiwa wamechoka na hukataa chakula mpaka wanakufa. Usimnunue kabla hujamwona akila dukani. Chaetodon lunula wa pwani yetu ni mgumu zaidi kufa, lakini kwenye tangi la matumbawe ni mwizi. Kuna Acreichthys tomentosus, jamaa wa kikande, mdogo, mwenye manyoya-manyoya, ambaye kwa tangi la kati ndiye chaguo la samaki lenye maana kuliko yote, almradi ukubali kwamba siku moja anaweza kuonja matumbawe yenye nyama.

Anayemaliza kabisa ni Berghia stephanieae, konokono-bahari asiye na gamba, wa sentimita mbili hivi. Hali kingine chochote ila aiptasia, na anaingia kule kwenye mabomba na nyuma ya mawe ambako sirinji haifiki. Kwa lita 200 anza na kumi. Waweke usiku taa zikiwa zimezimwa, kwa pipeti, juu ya jiwe lenye anemoni wadogo, kwani mkubwa anaweza kumla konokono mdogo. Funika midomo ya pampu kwa sifongo. Wiki kadhaa za kwanza hutaona kitu zaidi ya vikamba vyeupe vya mayai vilivyojikunja mviringo, utadhani umetapeliwa. Kisha kati ya mwezi wa pili na wa nne anemoni wanapungua kwa kasi. Samaki wa mistari sita, Pseudocheilinus hexataenia, na kamba wale wa Lysmata tuliowataja watawamaliza konokono kabla kazi haijaanza, kwa hiyo chagua jeshi moja. Na ukishawaweka, fungia Aiptasia-X kabatini. Huwezi kuwalisha na kuwanyang'anya sahani kwa wakati mmoja. Anemoni wakiisha wote, konokono nao hufa njaa. Wagawie jirani mwenye shida ileile wiki unayoona wamebaki wachache.

Lebo ya Aiptasia-X inataja pia anemoni yule mfupi mnene, mwenye minyiri iliyovimba nchani, ya kijani au kahawia. Wafugaji wa Ulaya na Marekani humwita majano. Jina lake kamili la kisayansi ni Anemonia manjano, alilolitoa Oskar Carlgren mwaka 1900 katika kazi yake kuhusu anemoni wa Afrika Mashariki, na msomaji wa Kiswahili hahitaji kuambiwa ni herufi gani wageni waliiangusha njiani. Kwake dawa hii inapata alama za chini. Si mlafi kama aiptasia, hufumba mdomo upesi, na dozi moja mara nyingi humdhoofisha tu. Mpe mililita nzima, mara mbili, siku mbili mfululizo. Berghia hamgusi. Kama yuko kwenye jiwe dogo, vunja kipande alichokaa kwa patasi, unyayo wote ukiwa juu yake, ukitupe. Ndiye pekee kati ya hawa wawili ambaye patasi inamfaa.

Chini ya anemoni ishirini wanaofikika, au unawadhibiti huku ukisubiri konokono waagizwe kutoka mbali, nunua boksi la mililita 60. Zaidi ya mia, tenga bajeti yako kwa Berghia. Na kwa tumbawe jipya lolote, kata kitako ulichouziwa nacho, kitupe, ligundishe kwenye kipya, uliweke karantini wiki nne hadi sita chini ya mwanga. Maji ya kuchovyea matumbawe huua wadudu wengi lakini aiptasia huyapita akiwa amejikunja.

Ukimaliza kikao, suuza sirinji na ncha kwa maji ya uvuguvugu hapohapo. Dawa ikikaukia ndani, loweka kwenye siki usiku kucha, suuza tena mpaka harufu iishe. Mpira wa ndani ya sirinji hukakamaa baada ya miezi, unaanza kukwama kisha kuruka ghafla, na mruko huo ndio unaomwaga mililita nzima juu ya tumbawe. Upake silikoni ya daraja la chakula kidogo, au nunua sirinji mpya ya mililita 3 duka la dawa. Ncha ileile ya kwenye boksi ikikaa vizuri, endelea nayo.